Supapu ya Usalama: Kazi Yake na Namna ya Kuichagua

Chombo chochote kilichofungwa, kama kinapata moto chini yake ama kama mashini inasukuma hewa ndani yake, kinapashwa kuwa na mlango mdogo unaojifungua wenyewe wakati nguvu ya ndani inapopita kipimo. Mlango huo mafundi wanauita supapu ya usalama. Utauona juu ya shodieri ya kiwanda cha mawese, juu ya tangi ambamo ngazi zinapikwa kwa mvuke, juu ya tangi la hewa la kwado anayetengeneza mipira ya magari kandokando ya njia, na juu ya mashini za hewa za migodi. Ni kitu kidogo, mara nyingi hakipiti ngumi ya mtu. Kwa sababu hiyo watu wengi wanakidharau. Tena kikianza kutoa mvuke wanasema kimeharibika, kinapoteza kuni bure, na wanatafuta namna ya kukifunga.

Tutaeleza hapa kwa nini kinatoa mvuke, na namna gani mwenye kununua anaweza kujua kama supapu anayoletewa inafaa kwa chombo chake ama haifai.

Nguvu iliyo ndani ya chombo

Weka sufuria ya maji juu ya moto bila kifuniko. Maji yanachemka, mvuke unakwenda zake. Katika nchi ya juu ya Katanga, kama vile Lubumbashi, ambako ni meta 1,200 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwa digri 96 hivi, na hata ukiongeza kuni hayapati moto zaidi, yanakauka upesi tu. Sasa funga kifuniko kwa nguvu. Mvuke hauna njia. Lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke ulio huru inataka nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Hapa haipati nafasi hiyo, basi inasukuma kila upande. Na kadiri mvuke unavyosukuma, maji yanazuiwa kuchemka, kwa hiyo yanazidi kupata moto. Msukumo ukifika bari 7 juu ya hewa ya nje, maji yana digri 170.

Bari moja ni msukumo wa kilo moja na kidogo juu ya pahali padogo penye santimeta moja kwa santimeta moja, kama ukucha wa kidole kidogo cha mkono. Mtu akisikia kilo moja anacheka. Lakini hesabu vizuri. Mfuniko wa shodieri wenye upana wa meta moja una pahali padogo kama hapo karibu 7,850. Kwa bari 7, mvuke unausukuma kwa tani 55 na zaidi, ni kusema mzigo wa malori matano ya tani 10, na bado kidogo. Misumari na maungio ya chuma yanashika mzigo huo usiku na mchana.

Wengine wanauliza: kama chuma kikipasuka, mvuke si utatoka tu na kwisha? Hapana. Jambo baya zaidi ni maji, si mvuke. Maji ya digri 170 yanakaa maji kwa sababu ya msukumo tu. Msukumo ukiondoka ghafula, zaidi ya sehemu moja katika nane ya maji hayo inageuka mvuke mara ile ile. Shodieri yenye kilo 1,000 za maji inatupa nje zaidi ya lita 200,000 za mvuke kwa muda wa kupepesa macho. Ndiyo sababu shodieri iliyopasuka haitoboki kama mpira wa baisikeli. Inaruka, inavunja ukuta, inapita paa.

Namna supapu inavyofanya kazi

Mtu aliyefikiri jambo hili zamani alikuwa Mfaransa, Denis Papin. Mwaka 1679, akiwa London, alitengeneza chungu cha chuma chenye kifuniko cha kukazwa, kwa kulainisha mifupa kwa mvuke. Juu ya kifuniko aliacha tundu dogo, akaliziba kwa kizibo, na juu ya kizibo akaweka fimbo yenye uzito mwishoni. Mvuke ukizidi uzito, kizibo kinainuka. Sufuria za mvuke ambazo akina mama wa mjini wanapikia maharagwe leo zina desturi ileile: tundu lenye upana wa milimeta 3 na kipande cha chuma juu yake. Kwa bari moja kipande hicho kinataka kuwa na gramu 72 tu.

Kwa shodieri, gramu hazitoshi. Chukua tundu lenye upana wa santimeta 5. Kwa bari 7 mvuke unasukuma kizibo kwa kilo 140, uzito wa watu wawili. Mafundi wa zamani hawakuweka kilo 140 juu ya kizibo. Walifanya kama mtu anayeinua jiwe kwa mti mrefu. Fimbo ya chuma inashikwa upande mmoja. Kizibo kiko santimeta 10 kutoka pale inaposhikwa. Uzito unatundikwa meta moja kutoka palepale. Basi kilo 14 zinatosha, kama hatuhesabu uzito wa fimbo yenyewe. Ukisogeza kilo hizo 14 mpaka katikati ya fimbo, supapu itafunguka kwa bari 3 na nusu.

Mnaona hatari yake. Mtu aliyechoka kusikia mvuke ukipiga kelele anaweza kusogeza uzito, ama kutundika jiwe lingine, ama kufunga fimbo kwa kamba, na kwa macho shodieri ni ileile ya jana. Kule Greenwich, karibu na London, mwaka 1803, shodieri ya Richard Trevithick ilipasuka na watu wanne wakafa, kwa sababu mashini ilisimamishwa na supapu haikuachwa kufanya kazi yake. Trevithick hakuacha shodieri. Alitoa amri kila moja iwe na supapu mbili, na moja ya hizo mbili mwenye kulinda moto asiweze kuigusa. Aliongeza kizibo cha risasi, tutakisema mbele. Katika miaka ya 1850 Mwingereza mwingine, John Ramsbottom, fundi mkubwa wa treni, aliweka supapu mbili zikishikwa na resori moja katikati, kwa namna ambayo dereva akivuta ama akikandamiza fimbo hawezi kuzifunga zote mbili.

Supapu nyingi za leo zina resori, ni kusema chuma kilichoviringwa kinachotaka kurudi. Visi ya juu inakaza resori. Fundi akiisha kuipima anaifunga kwa uzi na kipande cha risasi chenye alama. Ukiona uzi umekatwa, jua mtu amekaza ama amelegeza.

Resori ina tabia moja mbaya. Kizibo kikianza kuinuka, resori inajikunja zaidi, kwa hiyo inakataa zaidi. Supapu ya namna ya kawaida ingefunguka kama mlango unaosukumwa na mtoto: ufa mdogo tu. Kwa kushinda jambo hili mafundi wanafanya ukingo mpana kuzunguka kizibo. Mvuke wa kwanza unaotoka unagonga ukingo huo, sasa unasukuma pahali papana kuliko tundu, na kizibo kinaruka juu mara moja kwa kishindo. Vilevile hakifungi pale pale kilipofungukia. Supapu iliyofunguka kwa bari 7 itafunga wakati mvuke umeshuka mpaka bari 6 na nusu hivi. Mwenye kulinda moto asiseme imeharibika kwa kuwa haifungi upesi; hiyo ni desturi yake.

Kuchagua

Jambo la kwanza ni kusoma kibao cha chuma kilichopigiliwa juu ya chombo. Kinaonyesha msukumo mkubwa ambao chombo kimeruhusiwa. Supapu inapashwa kufunguka kwa msukumo huo ama chini yake. Juu yake, hapana kamwe. Na kazi ya kila siku ifanywe chini zaidi, kwa sehemu moja katika kumi hivi. Ukifanya kazi karibu sana na kipimo cha supapu, itakuwa inalia kidogokidogo siku nzima, na mvuke unaopita katika ufa mwembamba unakata uso wa shaba kama msumeno. Kisha haitafunga tena sawasawa. Chombo kisicho na kibao, wala hati, wala mtu aliyekipima, hatuwezi kukichagulia supapu, maana hatujui kinaweza kushika nini.

Jambo la pili ndilo ambalo wanunuzi wanalisahau zaidi. Wanauliza: "Inafunguka kwa bari ngapi?" Hawaulizi: "Inapitisha kilo ngapi za mvuke kwa saa moja?" Supapu inaweza kufunguka kwa wakati wake na shodieri ikapasuka vilevile, kama moto unatengeneza mvuke mwingi kuliko tundu linavyoweza kutoa. Ni kama mfereji wa shamba: ukiwa mwembamba, mvua kubwa itapita juu ya tuta hata kama mfereji uko wazi.

Basi pimeni moto kwanza. Kilo moja ya kuni kavu, ikiwaka vizuri, inatoa kilo 3 mpaka 4 za mvuke. Shodieri ndogo inayokula kilo 100 za kuni kwa saa inaweza kutoa kilo 400 za mvuke. Fikirini sasa siku ambayo mashini imesimama ghafula, mikanda imekatika, na tanuru limejaa moto. Kilo 400 zote zinapashwa kupita katika supapu, na msukumo usipande zaidi ya sehemu moja katika kumi juu ya kipimo. Kwa shodieri zenyewe sheria za nchi nyingine zinaruhusu chini ya hapo. Kwa bari 7, na kwa supapu nzuri inayoinuka wazi kabisa, hesabu inatoa tundu lenye upana wa milimeta 14 hivi.

Hapa kuna jambo linaloshangaza hata watu wenye akili. Shodieri ikizeeka, mkaguzi anapunguza msukumo wake, tuseme kutoka bari 7 mpaka 3. Mwenye shodieri analegeza resori ya supapu yake ya zamani, anafurahi, anasema sasa hatari imepungua. Lakini mvuke wa bari 3 ni mwepesi na hausukumwi kwa nguvu kama ule wa bari 7. Katika tundu lilelile unapita karibu nusu tu ya uzito. Moto haukupungua. Kwa kilo zilezile 400 unahitajiwa upana wa milimeta 20 hivi. Kwa hiyo shodieri iliyoteremshwa inataka supapu kubwa zaidi, na resori nyingine iliyotengenezwa kwa msukumo huo. Tumeweka jambo hili kwa urefu kwa sababu shodieri nyingi zinazouzwa kutoka viwanda vya zamani kwenda kwa watu wadogo ni za namna hiyo.

Tena upana wa tundu peke yake hauonyeshi yote. Tazama kizibo kinainuka kiasi gani. Kikiinuka robo ya upana wa tundu, njia ya pembeni inakuwa sawa na tundu lenyewe, na mvuke unapita wote. Kuna supapu za zamani ambazo zinainuka sehemu moja tu katika 24 ya upana. Hizo zinatoa njia ya sehemu moja katika sita. Supapu ya namna hiyo, kwa shodieri yetu ya bari 7, ingetaka tundu la karibu milimeta 34 badala ya 14. Zote mbili ukiziweka mezani, mtu asiyejua atachagua ile nzito kwa sababu ina chuma kingi.

Je, si afadhali kununua kubwa sana na kumaliza shauri? Hapana. Supapu kubwa mno inaruka wazi, mvuke unashuka mara moja, inapiga chini, inaruka tena, na hivyo mara nyingi kwa dakika moja kama nyundo. Kizibo na kiti chake vinapondeka. Kwa shodieri kubwa inafaa kuweka mbili. Kanuni ya mainjinia wa Marekani inaamuru mbili kwa shodieri ambayo chuma chake kinachopata moto kinapita meta za mraba 47.

Jambo la tatu ni kitu kilicho ndani. Supapu ya mvuke inaruka. Supapu ya maji ama mafuta inafunguka polepole kadiri msukumo unavyopanda, kwa sababu kutoa maji kidogo tu kunatosha kushusha msukumo. Usichukue moja kwa kazi ya nyingine. Katika viwanda vya migodi ambako shaba inatolewa katika mawe kwa asidi, asidi inakula chuma cha kawaida na resori yake. Huko wanatumia chuma kisichoshika kutu, ama wanaweka chini ya supapu bamba jembamba linalopasuka kwa msukumo uliopimwa. Bamba likipasuka halifungi tena, linabadilishwa.

Kwa tangi la hewa hesabu ni rahisi: supapu inapashwa kupitisha hewa yote ambayo mashini inaweza kusukuma, lita ngapi kwa dakika, hata kama swichi ya kuisimamisha imekwama. Mashini inajisimamisha yenyewe kwa swichi hiyo, na wengi wanasema basi supapu ya nini. Swichi ni mtumishi wa kazi. Supapu inakaa kwa siku ambayo mtumishi hakuja. Tumeona matangi ambayo supapu ilianza kuvuja, mwenyewe akaiondoa na kukaza visi pahali pake. Tangi lile linafanya kazi vizuri, mwezi baada ya mwezi, huku maji ya hewa yakikusanyika chini na kutu inakula bamba kwa ndani. Tena msitumie chupa za gesi za friji zilizotengenezwa kwa kutumiwa mara moja. Ukuta wake ni mwembamba na haukufanywa kwa kujazwa tena.

Pahali pa kuiweka

Supapu isimame wima, juu ya chombo chenyewe, kwa bomba fupi na pana. Kati ya chombo na supapu pasiwe na robine ya kufungia, hata moja, hata kama fundi anasema itarahisisha kazi ya kuisafisha. Bomba la kutolea mvuke lisiwe jembamba kuliko mdomo wa supapu, lielekee pahali pasipopita watu, na liwe na tundu dogo chini kwa kutoa maji ya mvua. Nyigu wa udongo wanapenda sana mabomba ya namna hiyo. Kiota kimoja kinatosha kuziba. Tazameni ndani kila wiki.

Kitu ambacho supapu haiwezi

Supapu inalinda msukumo tu. Haijui kama maji yamekwisha. Maji yakishuka chini ya bamba linalopigwa na moto, bamba linapata wekundu na kulegea, na litapasuka kwa msukumo wa kila siku, supapu ikiwa imefunga kimya. Kwa hiyo kuna kioo cha kuonyesha maji, na kwa hiyo Trevithick aliweka kizibo cha risasi katika bamba la juu ya moto: maji yakiondoka risasi inayeyuka, mvuke unaingia ndani ya tanuru na kuonya watu. Ukikuta maji hayaonekani katika kioo na bamba lina wekundu, usitie maji baridi. Ondoa watu na zuia hewa ya moto.

Wala supapu haiponyi chuma chenye ugonjwa. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton huko Marekani, shodieri ya kiwanda cha viatu cha Grover ilipasuka, nyumba ikaanguka juu ya wafanyakazi na kuungua. Watu 58 wakafa. Bamba lilikuwa na ufa uliofichwa pale chuma kilipopandana na chuma, ambapo jicho halifiki. Mwaka 1907 jimbo la Massachusetts liliweka sheria ya shodieri, na mainjinia wa Marekani wakaandika kanuni yao ya kwanza, toleo la 1914, ambayo hata leo viwanda vingi vya dunia vinafuata ile iliyozaliwa kwake.

Kuitunza

Supapu isiyofunguka mwaka mzima inashikwa na kutu na chokaa ya maji, inakuwa kama kizibo cha kuungwa kwa moto. Ile yenye mkono mdogo ivutwe kwa kipindi kilichoandikwa katika kitabu chake, wakati mvuke uko karibu na msukumo wa kazi, si chombo kikiwa baridi. Ukiivuta bila mvuke, uchafu unabaki juu ya kiti na itavuja. Simama pembeni, si mbele ya bomba. Kama inavuja baada ya kuvutwa mara mbili au tatu, iondolewe chombo kikiwa kimepoa, ipelekwe kwa fundi mwenye mashini ya kupimia. Kukaza resori kwa ajili ya kuzuia kuvuja si kutengeneza, ni kupandisha kipimo.

Na ukinunua supapu iliyotumika, katika soko la vyuma vya zamani, soma maandishi yaliyo mwilini mwake: bari za kufungukia, kitu inachopitisha, na kilo ama lita kwa saa. Maandishi yakiwa yamefutika, lipa bei ya shaba tu, kwa kilo.